Iringa Haikuchelewa

Usiku wa kuamkia mwaka 2013 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Ndani ya miezi minne ratiba ikapita Dodoma na Tanga, Mwanza, Arusha na Moshi, hadi ikafika Mbeya tarehe 30 Aprili 2013. Miji saba ikawa imekamilisha awamu ya kwanza, na Iringa haikuwamo. Mji ulio kilometa kama 500 tu kutoka Dar es Salaam, ambao mabasi ya Mbeya huupita pale Ipogolo chini ya mlima, uliachiwa mawimbi yake ya zamani hadi awamu ya pili, iliyoanza Machi 2014. Ni rahisi kuusoma mpangilio huo kwa jicho tulilozoea kutazamia mikoa yetu: aliyetangulia kapendelewa, aliyengoja kasahauliwa. Mimi nausoma kinyume. Kungoja kwa Iringa naona ndiyo sehemu iliyofanywa kwa akili zaidi katika kazi ile nzima. Historia ya Nyanda za Juu Kusini, tangu siku reli ilipoanza kupanda kwenda Makambako, inatoa ushahidi wa kutosha kwamba anayetaka kupandisha kiwango cha chini cha mfumo wowote hana budi kuhakikisha kwanza kwamba kile mfumo unachokikalia kimeshapanda.

Kiwango cha chini ni uamuzi wa namna ya pekee. Aliye juu hauhisi kabisa. Mwenye televisheni mpya na king'amuzi chake tayari aliamka tarehe 1 Mei akaendelea na taarifa ya habari. Anayeguswa ni wa pembezoni, mwenye chombo ambacho bado kinafanya kazi lakini mfumo umeamua kutokitambua tena. Ndiyo maana maamuzi haya huonekana ya kiufundi mezani kwa anayeyaandika, na ya kikatili sebuleni kwa anayeyapokea, ilhali ni uamuzi uleule mmoja.

Watu walioizoea hali hii kuliko wengine pengine ni watunzaji wa programu za kompyuta, hasa zile za wingu, na utaratibu wao unafaa kutangulizwa hapa kama kipimo. OpenStack ni mfumo ulioanzishwa mwaka 2010 na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, pamoja na kampuni ya Rackspace. Kazi yake ni kuigawa seva halisi, chuma kilichomo chumbani, iwe kompyuta pepe nyingi zinazojitegemea, kila moja na mtumiaji wake. Sehemu yake iitwayo Nova haiwezi kazi hiyo peke yake. Inaegemea libvirt, libvirt nayo inaegemea QEMU na KVM, na KVM imo ndani ya kiini cha Linux tangu mwaka 2007. Kila moja ina watunzaji wake na hutoa matoleo mapya kwa mwendo wake. Nova ikikubali kufanya kazi na kila toleo la zamani la libvirt, programu yake itajaa masharti: ukikuta la zamani fanya hivi, ukikuta jipya fanya vile. Kila sharti lazima lijaribiwe upya kila mara, hata kama waliobaki wakilihitaji ni wachache sana. Kwa hiyo hufika wakati wakapandisha kiwango.

Namna wanavyokipandisha ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Ndani ya programu zimeandikwa namba mbili. Ya kwanza ni toleo la chini linalokubalika leo, na seva iliyo chini ya hapo hukataliwa: huduma haiwaki. Ya pili ni toleo litakalokuwa la chini siku zijazo, na seva iliyo kati ya namba hizo mbili hufanya kazi kama kawaida, ila kila ikiwashwa huandika onyo kwenye kumbukumbu zake kwamba muda wake unakwisha. Matoleo ya OpenStack hutoka kila baada ya miezi sita, kwa hiyo onyo hupata muda wa kusomwa hata na fundi mvivu. Na namba ya pili haitoki kichwani mwa mtu. Watunzaji huangalia kwanza Ubuntu, Debian, Red Hat na SUSE zinagawa toleo gani la libvirt, kwa sababu wenye seva hawashushi libvirt kivyake. Huichukua ilivyo ndani ya mfumo endeshi walioufunga. Hao wakishapanda, Nova hupanda. Kanuni yenyewe ni nyepesi, lakini kuna serikali na mashirika mengi yaliyowahi kuikiuka yakalipia.

Tuanze na mlima. Sehemu ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kati ya Mlimba na Makambako ina urefu wa kilometa kama 150 tu katika njia ya kilometa 1,860, lakini iliwatesa wajenzi kuliko sehemu nyingine yoyote. Reli inatoka bonde la Kilombero na kuukwea ukingo wa nyanda za juu kwa zaidi ya mita 1,000, na mahandaki mengi ya njia nzima yamo humo. Makambako wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa, miaka mingi kabla ya mkoa wa Njombe kuundwa mwaka 2012. Mbele yake, Uyole karibu na Mbeya mjini, njia inafika kilele chake, karibu mita 1,790 kutoka usawa wa bahari. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, reli ikafika mpakani Tunduma mwaka 1973, na njia nzima ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Injini zilizokuja nayo zilikuwa za Kichina, za dizeli, zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu kwa mafuta yanayozungushwa ndani ya gia. Injini ya namna hiyo ikivuta mzigo mzito, polepole, kwa muda mrefu, mafuta yale hupata moto na sehemu ya nguvu hupotelea humo kabla ya kufika kwenye gurudumu. Na kuvuta mzigo mzito, polepole, kwa muda mrefu ndiyo kazi yenyewe ya kutoka Mlimba. Kwenye tambarare za Kilombero injini zile zilitosha, mlimani zilishindwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 TAZARA ikapata injini za aina nyingine, za dizeli-umeme, ambazo dizeli yake huzungusha jenereta, na jenereta hulisha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Ziliundwa na Krupp wa Ujerumani Magharibi kwa leseni ya General Electric ya Marekani. Hapa kiwango cha chini kilipanda kwa maana kamili: kwa mlima ule, injini ya jana haikuwa tena ya kutegemewa. Lakini tazama kilichokuwa chini yake. Njia yenyewe, pamoja na mataruma yake ya zege na madaraja yake, ilikuwa imejengwa imara tangu mwanzo, na injini mpya zilipita juu yake bila njia kujengwa upya. Kwa maneno mengine tabaka la chini lilikuwa limetangulia kupanda kwa miaka kumi, ndiyo maana injini hizo ziliweza kuanza kazi. Kinachosifiwa kwa kawaida katika habari hii ni mashine za Kijerumani. Mimi naona sifa kubwa zaidi ni ya waliomwaga zege mwaka 1972.

Tabaka ambalo halikuwa limepanda ni la watu na bohari. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walikuwa wamepelekwa Beijing katika miaka ya 1970 kusomea kazi za reli, na walichosomea ni mitambo ya Kichina. Fundi aliyeizoea gia ya mafuta sasa alitakiwa ajue mota na nyaya. Injini za Kichina nazo hazikuondoka siku moja. Baadhi ziliwekewa mashine mpya za Kijerumani ili ziendelee kutumika. Kwa hiyo depo kama ya Mbeya ilijikuta ikihudumia aina mbili za injini, na ndani ya aina moja, zilizobadilishwa na zisizobadilishwa, kwa vipuri vinavyoagizwa nchi tofauti na kulipiwa kwa fedha za kigeni, ambazo katika Tanzania ya miaka ya 1980 zilikuwa adimu kama sukari. Hili liwekwe akilini, kwa sababu hoja yangu isisikike kama wito wa kubeba vya zamani milele. Kubeba aina mbili kuna gharama, na gharama hiyo mara nyingi haionekani kwenye hesabu za mkubwa aliyeamua. Inaonekana kwenye rafu ya bohari na kwenye saa za kazi za fundi.

Reli hiyohiyo inaonyesha pia upande mwingine, pale mifumo miwili inapoachwa isikutane kabisa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ilijengwa kwa milimita 1,067, kipimo cha Zambia na nchi nyingine za kusini mwa Afrika. Kwa mwelekeo wa kusini uamuzi ulikuwa sahihi, maana behewa lingeweza kutoka Dar es Salaam hadi Zambia na kuendelea bila kupakuliwa. Kwa mwelekeo wa ndani ya nchi, njia mbili za taifa moja zikawa haziongei. Suluhisho lilikuja mwaka 1998, kituo cha Kidatu, ambako mzigo huhamishwa kutoka behewa la njia moja kwenda la njia nyingine. Sasa kuna reli ya kisasa ya milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na nchi ina vipimo vitatu. Mtu atasema upana wa reli hauna juu wala chini, na ni kweli. Lakini Kidatu inatufundisha bei ya daraja la kuunganisha visivyolingana: linajengwa mara moja, kisha linalipiwa kila siku na kila tani inayopita.

Kabla ya kufika kwenye televisheni, kuna habari fupi ya kompyuta inayopaswa kutajwa, kwa kuwa ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Kompyuta ya kwanza nchini iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zikahamishiwa kwenye mashine kabla ya kuwapo watu wa kutosha wa kuziendesha, mambo yakavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Paa lilikuwa limeezekwa kabla ya kuta, na dawa iliyoonekana ikawa kukataza mapaa. Marufuku hiyo ililegezwa polepole katika muongo uliofuata. Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichofunguliwa mwaka 1986 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilizaliwa katika nchi iliyokuwa bado inajikwamua na uamuzi huo.

Televisheni nayo ilichelewa kuja. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994, na televisheni ya taifa ilikuja baada ya hapo kwa miaka kadhaa. Jambo hili huwa halitiliwi maanani katika mjadala wa kuhama kwenda dijitali. Uingereza ilipozima analojia, ilikuwa inafunga enzi ya zaidi ya nusu karne. Kwa familia ya Mbeya au Iringa, analojia ilikuwa bado changa. Wapo walionunua televisheni yao ya kwanza miaka michache tu kabla ya kuambiwa haitoshi. Wakati huo mkataba wa Geneva wa mwaka 2006, chini ya Shirika la Mawasiliano Duniani, ulikuwa umeshaweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa siku ambayo matangazo ya analojia hayatalindwa tena dhidi ya kuingiliwa na mawimbi ya nchi jirani. Nchi za Afrika Mashariki zikajiwekea lengo la mapema zaidi, mwisho wa 2012. Ni Tanzania iliyolitimiza, angalau kwa jiji lake kubwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa umefikiriwa. Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa leseni kwa kampuni tatu za kujenga na kuendesha mitambo ya kurusha matangazo ya dijitali, na vituo vya televisheni vikabaki na kazi ya kutengeneza vipindi. Mtambo mmoja wa dijitali hubeba chaneli nyingi katika nafasi ya masafa iliyokuwa ikimezwa na chaneli moja ya analojia, na hiyo ndiyo faida kubwa iliyopiganiwa: masafa yaliyookolewa yaende kwenye intaneti ya simu. Mji haukuzimiwa analojia mpaka mtambo wa dijitali uwe umesimama, na kwa muda mitambo yote miwili ikawa inarusha pamoja. Hizi ni zile namba mbili za Nova: moja inakataa, nyingine inaonya. Ndiyo maana nasema Iringa haikuchelewa. Ilikuwa katikati ya namba mbili, inasikia onyo, huku chombo chake bado kinafanya kazi. Uingereza yenyewe, yenye fedha na umeme wa uhakika, ilizima eneo moja moja kwa miaka mitano, ikianzia mji mdogo wa Whitehaven mwaka 2007 na kumalizia Ireland ya Kaskazini mwaka 2012.

Lakini mtambo kusimama ni tabaka moja tu, na hapa ndipo namkosoa aliyepanga. Televisheni ya analojia ina tabia ya kupungua kidogo kidogo. Mawimbi yakidhoofika, picha inaingia chenga, rangi inapotea, sauti inakwaruza, ila mtu bado anamwona mchezaji na anajua nani kafunga. Dijitali haina chenga. Mawimbi yakiwa juu ya kiwango fulani, picha ni safi; yakishuka kidogo chini ya hapo, inaganda vipande vipande kisha inakuwa kioo cheusi. Mbeya imekaa kati ya safu ya Loleza na milima ya Uporoto, na nyuma yake uko Rungwe wenye mita 2,960. Katika nchi ya namna hiyo nyumba mbili za kijiji kimoja zinaweza kutenganishwa na kigongo kimoja cha mlima. Aliyekuwa akitazama kwa chenga nyuma ya kigongo hahesabiwi katika takwimu za mji uliofikiwa na mtambo. Kwake kiwango cha chini hakikupanda hatua moja, kilimruka.

Kisha kuna tundu la nyuma ya televisheni. King'amuzi kilibuniwa kuwa daraja, ili televisheni ya zamani isitupwe, na kwa wengi kilifanya hivyo. Lakini televisheni ndogo za zamani, hasa zile za rangi nyeusi na nyeupe zilizokuwa zikiendeshwa kwa betri ya gari vijijini, nyingi zilikuwa na tundu moja tu, la antena. King'amuzi kinachotoa picha na sauti kwa nyaya tatu, wa njano, mweupe na mwekundu, hakina pa kuchomekwa hapo bila kifaa kingine cha kugeuza mawimbi. Juu ya hayo, king'amuzi nacho kinakula umeme. Iringa ina Kihansi na Mtera mipakani mwake, mabwawa yanayolisha gridi ya taifa. Hilo halikumsaidia mtu wa kijiji ambacho nguzo hazijafika, ambaye betri yake iliyokuwa ikimudu televisheni peke yake sasa ilitakiwa ilishe vifaa viwili. Mtambo, kigongo, tundu, betri: king'amuzi kilikuwa juu ya matabaka hayo yote, na ratiba ilipima la kwanza tu.

Pingamizi la kwanza dhidi yangu ni kwamba ukingoja kila betri na kila kigongo hutapanda kamwe. Nalikubali nusu. Watunzaji wa Nova hawangoji kila seva. Wanangoja wale wanaogawa programu kwa walio wengi, na mwenye seva ya zamani sana huachwa abaki na toleo la zamani la OpenStack. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kubaki. Toleo la jana halizimwi akiwa amelifunga kwake. Anachokosa ni marekebisho mapya. Mtazamaji wa televisheni hana toleo la jana la kubaki nalo, kwa kuwa mtambo ukizimwa umezimwa kwa wote. Mfumo unaotegemea kitu cha pamoja, kama masafa au njia ya reli, unadai uvumilivu mkubwa kuliko ule ambao kila mtu amefunga wake, na deni hilo liko kwa anayezima. Marekani ilipohama mwaka 2009 ilisogeza tarehe kutoka Februari hadi Juni ilipoona maandalizi hayajatosha, na kila kaya iliweza kuomba vocha mbili za dola 40 za kununulia ving'amuzi. Hata nchi tajiri kuliko zote haikudai kwamba watu wangejipanga wenyewe.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba kusogeza tarehe kunaadhibu waliojiandaa na kuwafundisha wengine kupuuza. Kenya hutolewa mfano. Huko suala lilipita mahakama moja hadi nyingine, likafika Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Februari 2015, na vituo vikubwa vya binafsi vikakaa kama wiki tatu bila kuonekana hewani. Lakini ukiusoma mgogoro ule vizuri, tarehe ilikuwa kisingizio. Kilichogombewa ni nani amiliki mtambo wa kurushia, kwa sababu atakayeumiliki ndiye wote watakaomtegemea. Tanzania ilishalijibu swali hilo kabla ya kuweka tarehe, kwa zile leseni tatu, zikiwamo zenye mkono wa watangazaji wenyewe: shirika la utangazaji la taifa liliingia ubia na StarTimes, na ITV na Star TV wakaungana. Unaweza kuilaumu kwa mengine. Swali la nani aliye juu ya nani lilikuja zamu yake.

Halikuisha hapo, ni kweli. Sharti lilikuwa kwamba chaneli za kitaifa zisizolipiwa zionekane kwenye king'amuzi hata kifurushi kikiisha, na bila sharti hilo kuhama kungekuwa kodi ya kila mwezi kwa kutazama taarifa ya habari. Agosti 2018 ving'amuzi vya setilaiti vilipolazimika kuziondoa chaneli hizo kwa sababu leseni zao hazikuwa za kuzibeba, wateja wengi walijikuta wakihitaji king'amuzi cha pili, na walio nyuma ya vigongo, ambao setilaiti ndiyo ilikuwa imewakomboa, waliumia kuliko wote. Sheria ilikuwa sahihi kwa maandishi. Ilisahau tu kuuliza ni nani walioiegemea hali ile isiyo halali.

Simu bandia zilikuja katikati ya hayo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu zenye namba za utambulisho za kughushi zilifungiwa kutumia mitandao nchini, baada ya miezi sita ya matangazo yaliyomtaka kila mtu abonyeze *#06#, aitume namba ile kwenda 15090, na asome jibu. Onyo lilikuwapo na njia ya kujipima ilikuwapo, hata kwa mtu wa Makete asiye na intaneti. Kwa utaratibu, hili ndilo lililokuwa karibu zaidi na zile namba mbili. Kilichokosekana ni daraja. Televisheni ya zamani iliokolewa na king'amuzi, simu bandia haikuwa na cha kuiokoa, na hasara yote ikamwangukia aliyeuziwa.

Watu husema pia kwamba viwango hivi vyote hutungwa mbali, Geneva au kwenye mikutano ya watunzaji wa programu wasiojua Mafinga iko wapi, na kwa hiyo kujadili mpangilio ni kupoteza muda. Si hivyo. Geneva ilitoa mwisho tu, 2015. Kwamba Mbeya iwe Aprili 2013 na Iringa isubiri, hayo yaliamuliwa Dar es Salaam, na yangeweza kuamuliwa vinginevyo. Ndivyo ilivyo kwa programu: mtunzaji wa Nova anaweka namba, lakini chuo au ofisi yenye seva ndiyo inayochagua lini ihame Ubuntu, na ikisoma onyo mapema inakuwa na mwaka mzima wa kuchagua.

Kiwango kinachofuata tunakijua. Nchi kadhaa zimeshaanza kuzima mitandao ya simu ya kizazi cha pili na cha tatu ili masafa yaende kwenye cha nne na cha tano. Tanzania haijafanya hivyo, na vitochi bado viko mifukoni mwa watu kutoka Isimani hadi Tunduma. Anayebonyeza *150*00# kupokea malipo ya mahindi au viazi kwa kitochi anategemea kizazi cha pili, ingawa hajawahi kulisikia jina hilo. Juu ya kitochi kile wamekaa wakala, duka la pembejeo, ada ya mtoto aliye bweni na mchango wa msiba. Siku hesabu ya kuzima itakapofanywa, mtu wa kuhojiwa kwanza ni wakala wa Igurusi au Ilula: kati ya wanaotoa fedha dirishani kwake siku ya gulio, wangapi wanatoa kwa kitochi, na simu ya bei nafuu inayopokea kizazi cha nne imeanza kuuzwa kwenye duka la jirani, au bado.